Mteja msumbufu: kabla hujataja bei, uliza nani anaidhinisha kazi

KalamuNaRangi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimekuwa nikisoma malalamiko ya sisi tunaojitegemea: wabunifu wa picha, watafsiri, wapiga picha za sherehe, watengeneza tovuti. Karibu yote yanaishia kwenye pesa. Mteja kakimbia na salio, mteja kakata bei kazi ikiwa imeshaisha, mteja hapokei simu. Mimi naona tunaanza kusimulia habari ikiwa imeshafika mwisho. Ugomvi huonekana kwenye pesa, lakini mara nyingi ulishaanza siku ile mlipokubaliana kazi bila kujua nani mwenye neno la mwisho.

Nazungumzia kazi za kuchora hapa Dar: nembo, kadi, vipeperushi, mabango, wasifu wa kampuni. Mtu mwenye duka lake, hata awe mkali namna gani, kazi yake inaisha. Atabishana bei, atapiga simu saa nne usiku, atabadilisha rangi, lakini akisema "hapo sawa" ujue ni sawa kweli. Anayetumaliza ni mteja mwenye vichwa vingi: kamati ya harusi, bodi ya shule, ofisi ambayo afisa masoko anakuagiza, meneja anakataa, halafu mkurugenzi anarudi safari na kusema hajawahi kuonyeshwa kitu.

Chukueni kadi ya harusi, kazi iliyotulea wengi. Anayekuja kwako ni bwana harusi mtarajiwa au dada yake. Mnakubaliana damu ya mzee na dhahabu kwa sababu ndizo rangi za sare. Unachora, unatuma. Yeye anairusha kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Mjomba anasema jina la ukoo litangulie. Shangazi wa upande wa bibi harusi anauliza mbona wazazi wa upande wao wameandikwa chini. Mwenyekiti anataka namba za kupokelea michango ziwe kubwa zaidi. Mwingine anatupia kadi ya jirani yake ya mwaka jana, "iwe kama hii." Kila mmoja ana haki ya kusema, ni mtoto wao anayeolewa. Tatizo ni kwamba maoni yote yanakufikia wewe yakiwa mabichi, na mawili kati yake yanapingana. Ukimfuata mjomba unamuudhi shangazi, na mwishoni wote wawili wanasema mchoraji hasikii.

Kuna kadi moja naikumbuka, mama mzazi wa bibi harusi alikuja mwenyewe kwenye fremu yangu na kipande cha kitambaa cha sare. Akakibandika kando ya picha kwenye simu yake, akasogea mlangoni penye mwanga, akarudi. "Mwanangu, hii si damu ya mzee. Hii ni kahawia." Kwenye kundi palikuwa pamechafuka siku kadhaa kuhusu rangi hiyo hiyo, kila mtu akiiangalia kwenye simu yake, nyingine mwanga umepunguzwa, nyingine kioo kimepasuka. Kioo cha simu hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi. Hakuna ubishi wa kwenye simu unaoweza kumaliza jambo hilo. Nikapeleka kadi moja ichapwe, karatasi ile ile ya gramu 300 tuliyokusudia, nikamwekea mkononi pamoja na kitambaa chake. Akaigeuza, akaipapasa, akasema hii ndiyo. Nikamwomba aweke sahihi nyuma, akaweka. Nilipotuma picha ya ile sahihi kwenye kundi hakuna aliyeongeza neno. Mama ameshasema.

Tangu hapo, kazi ya kamati ikija, huwa natafuta huyo mama yuko wapi kabla sijafungua kompyuta. Anaweza kuwa baba mlezi, mwenyekiti, mkurugenzi, hata mhasibu. Aghalabu si yule aliyekuja kuagiza.

Kwa hiyo swali langu la kwanza ni hili: nani akisema ndiyo, hakuna mwingine atakayesema hapana? La pili: anayeidhinisha na anayelipa ni mtu mmoja? Nikijibiwa "tutaangalia wote kwanza", sigombi. Bei inapanda, na namweleza mteja kwa nini inapanda: nitarudia kazi mara nyingi zaidi. Watu wanaelewa kuliko tunavyodhani.

Baada ya maongezi natuma ujumbe mmoja. Kwa mfano:

"Habari dada. Kama tulivyoongea: kadi ya mwaliko, saizi A5, pande mbili. Bei 150,000. Ndani yake kuna marekebisho mara mbili, na kila mara maoni yote yatakuja pamoja kutoka kwako wewe. Marekebisho ya ziada 15,000 kila mara. Majina, tarehe, ukumbi na namba za simu utanitumia yakiwa yamehakikiwa. Anayeidhinisha ni mama. Nusu kabla sijaanza, nusu kabla sijatuma faili la kuchapa. Ukiafiki nijibu: Nimekubali."

Nikikosea herufi mimi, narekebisha bure hata mara kumi, hiyo haihesabiki. Wakibadilisha ukumbi, inahesabika.

Nawakaribisha. Hasa wenye njia nzuri ya kudai salio bila kuvunja uhusiano.

UbaoMweusi

Mkuu umegusa penyewe. Kwangu ni shule binafsi, natengeneza kalenda na vipeperushi vya kuandikisha wanafunzi. Mkuu wa shule anapitisha, mmiliki anaona kwenye gari anasema ondoeni. Siku hizi naomba mmiliki awepo kwenye simu hata dakika tano za mwanzo. Kama hawezi kupatikana dakika tano, najua huko mbele hatapatikana kulipa.

MwekaHazina

Naomba nisemee upande wa pili, maana nimekaa kwenye kamati nyingi za harusi kama mweka hazina.

Mnatuita wenye vichwa vingi, sawa. Lakini jueni pesa yetu inavyoingia. Kikao cha kwanza kamati haina shilingi, ina ahadi kwenye daftari. Watu wanaanza kutoa baada ya kupata kadi ya mchango, na kundi kubwa linatoa siku za mwisho mwisho. Sasa wewe unataka nusu kabla hujaanza kuchora kadi ya mchango, hiyo nusu naitoa wapi? Kikipatikana kidogo, cha kwanza kinakwenda ukumbini, kwa sababu bila kishika nafasi tarehe inachukuliwa na wengine. Halafu chakula. Mchoraji anasogezwa nyuma. Si dharau. Ni kwamba mwenye ukumbi ana cha kutunyima, wewe umeshatuma picha kwenye simu na watu wameshaisambaza.

La pili, na nyie mnapotea. Unampa mtu advansi Jumatatu, Alhamisi meseji zina tiki za bluu na hakuna jibu. Anayesimama kikaoni kujieleza ni mimi, na wazee wananiangalia kama nimekula hela. Hapo ndipo kundi linapoanza kelele. Mngekuwa mnatuma hata mstari mmoja jioni, "leo nimefika hapa", mngepata utulivu mkubwa.

KalamuNaRangi (mleta uzi)

MwekaHazina asante sana, hili la pesa kuingia baada ya kadi ya mchango ni la msingi na sisi wachoraji hatulisemi. Linafaa kubadilisha namna ya kupanga malipo.

Naona hivi: kadi ya mchango ihesabiwe kama kazi yake peke yake, ndogo, bei ndogo, ilipwe taslimu na familia yenyewe kabla ya kikao. Ni picha moja ya kutuma WhatsApp, haihitaji mashine. Ikishaanza kuleta pesa ndipo mazungumzo ya kadi ya mwaliko yaanze, na hapo nusu inapatikana bila mweka hazina kuumbuka. Hata kadi zenye msimbo wa QR wa kukaguliwa mlangoni ziwe fungu la tatu, zilipwe idadi ya wageni ikishajulikana. Ukidai nusu ya kila kitu siku ya kwanza unamdai mtu ambaye bado hana.

Na la mstari wa jioni nalichukua lilivyo.

Mtandao254

Habari kutoka Nairobi. Mimi hutengeneza tovuti za biashara ndogo. Umeuliza kuhusu kudai salio, basi niwaeleze tunavyofanya huku.

Kenya tuko na Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya mwaka 2016, na mahakama yenyewe ilianza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, kisha ikapanuliwa hadi miji mingine. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya, na madai ya huduma uliyotoa bila kulipwa yamo. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Haifuati kanuni kali za ushahidi kama mahakama nyingine, kwa hivyo mazungumzo ya WhatsApp, ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kwanza na barua pepe ya "kazi imepokelewa" vina uzito.

Lakini mara nyingi haifiki huko. Ninaandika barua moja ya madai, bila matusi: tulikubaliana hivi tarehe fulani, niliwasilisha hivi tarehe fulani, mlilipa kiasi hiki, kimebaki hiki, nawapa siku saba, baada ya hapo nitafungua madai katika Mahakama ya Madai Madogo. Kutaja mahakama kwa jina hubadilisha maongezi. Yule aliyekuwa "yuko mkutanoni" anakupigia yeye mwenyewe.

Jambo moja la tovuti: usiweke kazi kwenye seva ya mteja (kompyuta inayohifadhi tovuti yake) kabla ya malipo ya mwisho. Muonyeshe kwenye seva yako. Pia usiende kuzima tovuti ya mtu kwa hasira baada ya kuikabidhi. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

Tafsiri_Arusha

Nikiongezea kwa tunaofanya kazi na wateja wa nje. Mimi ni mtafsiri. Huko kichwa kingine kinachojificha ni mhakiki. Wakala anakupa kazi, unatafsiri, kisha mteja wake anampa jirani yake anayejua Kiswahili kidogo akague. Inarudi imejaa alama nyekundu, nusu yake ni ladha tu. Siku hizi nauliza mapema: nani atahakiki, anaishi wapi, na mnataka Kiswahili cha wasomaji gani? Mhakiki wa Mombasa na msomaji wa Mwanza wanaweza kutofautiana kwa haki kabisa. Nikirudishiwa, najibu kila alama kwa safu tatu: nimekubali, ni suala la ladha, au ni kosa la mhakiki na sababu yake. Inachukua muda, ila inalinda malipo.

Kuhusu pesa, wapo mawakala wanaolipa siku 60 baada ya ankara. Kama huwezi kuishi siku 60, usichukue kazi hiyo ukitegemea kodi ya nyumba itoke humo. Na wale wa Upwork na Fiverr, majukwaa ya kupata kazi mtandaoni: Fiverr inachukua asilimia 20 ya kila oda, kwa hiyo panga bei ukijua hilo. Upwork, kazi ya bei maalumu, hakikisha mteja ameweka pesa ya hatua ya kazi unayoanza kwenye akaunti ya dhamana inayoshikwa na Upwork. Ukishawasilisha rasmi kupitia mfumo, mteja ana siku 14 za kukagua. Akinyamaza, pesa inaachiwa. Wengi wanatuma faili kwenye gumzo na kusahau kubonyeza pa kuwasilisha, siku hazianzi kuhesabiwa, halafu wanalalamika. Na anayekwambia mhamie WhatsApp "kuepuka makato" kabla hujamjua, muache aende.

Kijana_wa_Kazi

Swali: na ndugu je? Binamu yangu anataka video ya harusi "bei ya kishkaji". Nikikataa, nyumbani hapakaliki.

LenziZenji

Kaka hapo nina la kusema, mimi ni mpiga picha Unguja na ndugu ndio wateja wangu wengi.

Usimpe ndugu bei ya nusu kimya kimya. Bei ya nusu inakuumiza wewe, na yeye haoni kama amepewa kitu. Mwandikie ankara kamili: kazi ya siku nzima laki nane, chini yake mstari unaosema "zawadi ya harusi kutoka kwa nduguyo, laki nne", chini yake "inayobaki, laki nne". Akiiona hivyo anajua umetoa mchango wako, na mweka hazina anakuandika kwenye daftari la michango. Mimi nimeshasomwa kikaoni miongoni mwa waliochangia. Hakuna aliyekuja kuniambia nimewabania.

Kama unataka kufanya bure, fanya bure kwa moyo mmoja na useme ni bure. Na hata ikiwa bure, saa ya kuanza, saa ya kumaliza na siku ya kukabidhi viandikwe. Ndugu anayesubiri video bila tarehe ana kero kuliko mgeni.

Sokoni_Kwetu

Haya yote mazuri, ila mtaani kwetu ukitaja mkataba mteja anahamia kwa fundi wa jirani. Mtu anataka bango la duka la elfu arobaini, unamwambia aidhinishe, asaini?

KalamuNaRangi (mleta uzi)

Mkuu sijasema mkataba wa kurasa. Ule ujumbe mmoja unatosha, na bango la elfu arobaini unaweza kuuandika mistari miwili. Kisheria, Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, shida yake ni kuyathibitisha. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokelewa kama ushahidi. Kwa hiyo "Nimekubali" ya kwenye simu si mchezo. Usifute mazungumzo, na ukibadilisha simu hamisha kumbukumbu zako.

Ila bado nasema kazi ya ule ujumbe si kesi. Kazi yake ni kumfanya mteja asome na aseme "hapana, mimi nilidhani na kuchapa kumo" wakati bado mna nafasi ya kuelewana. Nimeona watu wakitofautiana juu ya jambo hilo moja kuliko jingine lolote: mchoraji anataja bei ya kuchora, mteja anasikia bei ya kadi zikiwa kwenye boksi.

Jingine kwa wanaofanya kazi na kampuni na mashirika: ukiandika ankara ya milioni 1 ukapokea 950,000, usiingie kwenye simu kupiga kelele. Ni kodi ya zuio, asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Mwenye wajibu wa kukata anakata na kuipeleka TRA (Mamlaka ya Mapato) kwa jina lako. Dai cheti chake, maana kinahesabika kwenye kodi yako ya mwaka. Asipokupa cheti, hapo una haki ya kulalamika.

MsaniiChipukizi

Wakuu nina la leo leo. Nimechora nembo ya mgahawa. Alitoa nusu. Nimemtumia picha ya kuangalia yenye jina langu katikati, akaikata kata, tayari ameiweka kwenye WhatsApp ya biashara. Sasa anataka faili halisi kabla ya salio, anasema fundi wa bango anasubiri na mimi namchelewesha. Anasema salio kesho. Hatukuandika kitu zaidi ya bei. Nifanyeje?

KalamuNaRangi (mleta uzi)

Kwanza usimwandike status na usimtukane. Kuitumia kwake ni dalili kwamba ameipenda, kazi imeshakubalika, hilo liko upande wako. Piga picha ya skrini ya hiyo WhatsApp yake ikiwa na tarehe, weka.

Pili, tenganisha mambo mawili. Fundi wa bango hahitaji faili halisi la kuhaririwa, anahitaji PDF ya kuchapa yenye vipimo vyake. Hilo unaweza kumpa leo salio likiingia. Faili la kuhaririwa hamkuliongelea, basi liongeleeni kama jambo jipya, lina bei yake au mnakubaliana umpe. Hakimiliki kwa sheria yetu ya mwaka 1999 inaanza pale unapochora, haisubiri usajili, kwa hiyo huombi hisani.

Tatu, haraka yake ni ya kweli. Bango lisipotoka anaweza kukosa siku ya kufungua. Usimfungie mlango, mpe njia ya mkato. Mwandikie hivi:

"Bosi, nimefurahi umeipenda nembo. PDF ya fundi wa bango iko tayari. Nitumie namba ya fundi na vipimo vya bango. Salio la laki moja likiingia, ndani ya dakika tano namtumia fundi moja kwa moja na kuongea naye kuhusu rangi, wewe usihangaike. Faili la kuhaririwa tutaliongelea wiki hii."

Badilisha kiasi kiwe chako. Na kabla hujatuma, muulize kwa sauti ya kawaida kama mgahawa ni wake peke yake au ana mwenzake, maana hiyo "kesho" inanipa wasiwasi kwamba pesa iko kwa mtu mwingine ambaye hata nembo hajaiona. Kama yupo, omba namba yake na umtumie na yeye ujumbe huo huo. Fanya sasa hivi fundi hajafunga, halafu rudi utuambie amejibu nini.